Siku Tuliyokwenda Dirma Kumuuliza Uda

Mwanangu Emiliana,

Sikuulizi hali, maana asubuhi tumekaa meza moja na nimekuona ulivyoshika kikombe mpaka chai ikapoa. Sasa umekwenda Mbulu kumuaga bibi yako, nami nimebaki hapa nyumbani Gendabi. Begi lako limeshafungwa, limesimama karibu na mlango. Nimewaambia wenzangu wa ujenzi kwamba leo sishiki mwiko. Wakaniuliza kama naumwa. Nikasema siumwi, naandika. Walicheka, na hata mimi ningecheka, maana mtu wa darasa la saba akikaa na kalamu mchana kutwa lazima ana jambo.

Habari za kuchemsha maji, za neti na za kufunga mlango sitaziandika. Shangazi yako amezisema zote, tena amezirudia mpaka ukawa unamjibu kabla hajamaliza. Mimi nataka kukuandikia kuhusu kazi yako. Nimeishi nawe humu ndani tangu uianze, na sidhani kama nimewahi kukuambia naionaje. Jioni watakuja majirani na watu wa jumuiya kukuombea safari, na kesho alfajiri ni basi la kwenda Mpanda. Kwa hiyo nakuandikia barua hii, uisome ukiwa umeshapita Singida, mahali ambapo huwezi tena kushuka ukarudi kubishana nami.

Mimi nilitaka uwe nesi, hilo unalijua. Kazi ya nesi naielewa. Anakuja na sindano, anaondoka, mgonjwa anapata nafuu. Ulipoajiriwa kuwa mshauri wa wanafunzi pale chuo cha maendeleo ya wananchi, watu kanisani waliniuliza, "Emiliana anafundisha somo gani?" Nikajibu, "Hafundishi, anashauri." Wakauliza, "Anashauri nini?" Moyoni nikajiambia, mwanangu analipwa kwa kuongea, na mimi mbona naongea bure kila siku.

Ungekuwa unajua vizuri habari zangu mimi na chuo, usingenishangaa. Unajua tu kwamba niliwahi kwenda na sikumaliza. Zaidi ya mzaha wa hapa na pale sikuwahi kukusimulia, na marehemu baba yako naye hakuuliza.

Nilikuwa binti, nimemaliza la saba, sikuchaguliwa kwenda sekondari. Nikapelekwa chuo cha namna ile ile ya hiki unachofanyia kazi wewe. Siku ya kujiandikisha tulipangwa uwanjani kwa mistari, kila fani na mstari wake. Rafiki yangu Magreth alisimama mstari wa ushonaji, nami nikasimama nyuma yake. Hivyo ndivyo nilivyochagua. Hakuna aliyeniuliza kitu zaidi ya jina la baba na jina la kijiji.

Darasa la ushonaji lilikuwa na dirisha linalotazama uwanja wa uashi. Wavulana walikuwa wakipandisha ukuta, jioni wanaubomoa, kesho yake wanaupandisha tena. Cherehani yangu ilikuwa inakwenda upande kwa sababu macho yalikuwa huko nje. Nilijua ni nani kati yao anapinda kona kabla mwalimu wao hajafika na timazi ya kupimia wima. Mwisho wa muhula nikashona gauni la mtihani, mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake. Mwalimu akalinyanyua juu darasa zima walione. Walicheka mpaka Magreth naye akacheka. Tulipokwenda likizo sikurudi.

Hakuna aliyekuja kuuliza kwa nini. Siku za mwanzo nilikuwa nikipeta mahindi huku natazama njia, nikidhani labda watamtuma mtu. Kisha palizi ikaanza, nikaacha kutazama. Nikajiambia mimi si mtu wa shule. Kwa miaka mingi niliwaambia na wengine hivyo hivyo, kwamba kuna watu wa shule na kuna watu wa jembe, kana kwamba nilisoma mahali fulani.

Mwiko nimekuja kuushika nikiwa na mvi, kama ulivyoona. Mwaka ule tope liliposhuka kutoka mlimani, akina mama wa kanisani tulikwenda Jorodom kusaidia kuzoa. Wakati wa kujenga upya nikabaki kama saidia fundi, nabeba tofali, nachanganya mchanga na saruji. Siku moja fundi alichelewa, nikapanga mistari kadhaa ya tofali peke yangu ili kazi isilale. Alipokuja aliweka pimamaji, akainama, akalitazama tena. "Mama, nani alikufundisha?" Nikamwambia ni dirisha. Alidhani namtania.

Basi huyo ndiye mtu uliyemwomba akusindikize Dirma.

Ilikuwa Januari mwaka jana, chuo kimefunguliwa. Ulirudi kutoka kazini ukiwa kimya. Ukaniambia kuna binti wa Kibarabaig, mwaka wa pili kozi ya mifugo, hajaripoti. Jina lake ni refu, chuoni wanamwita Uda. "Wenzangu wanasema ameolewa," ulisema. "Wanasema hawa hawamalizi, tufute jina tuchukue mwingine."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi sijui, mama. Sijamuuliza."

Nilikuwa nakuna nazi ya maharage ile ya kununua Katesh, nikaacha kidogo. Neno lile lilinigusa mahali, lakini sikulifuatilia. Ukasema kwao Uda ni Dirma, mama yake hajui Kiswahili, na mimi Kibarabaig nimekipata kwa majirani tangu utoto. Nilikuwa na ukuta wa watu wa kumalizia, umefika kwenye lenta, juu ya madirisha. Nilikubali huku nanung'unika.

Pikipiki ilituacha pale njia ilipokatwa na maji ya mvua. Tukatembea, wewe umeshika viatu vya ofisini mkononi, sketi umeipandisha kama unakwenda kulima. Uda alituona kabla hatujamwona. Alikuwa na ng'ombe, fimbo mabegani, mrefu, amejifunga shuka. Alipokutambua nilimwona mtu anayetaka kukimbia na anayetaka kufurahi kwa wakati mmoja. Akaja akasema, "Shikamoo mwalimu. Shikamoo mama." Ukaitika, ukauliza habari za ng'ombe kwanza, mmoja mmoja, yule mwekundu, yule mwenye baka. Nikadhani unapoteza muda.

Nyumbani tulimkuta mama yake amekaa kivulini kwa ukuta. Alinyoosha mkono kunisalimia, mkono ukapita pembeni ya wangu. Ndipo nikajua macho yake yanakwenda. Tukaletewa maziwa kwenye kibuyu. Tukanywa. Kisha ukaniambia, "Mama, mwambie sikuja kumchukua Uda. Nimekuja kuuliza wanaendeleaje."

Nami nikafungua kinywa. Nikamwambia yule mama kwamba mwalimu ametoka mbali kwa sababu shule ni kitu kikubwa, kwamba mtoto akiacha atajuta mpaka uzeeni, kwamba hata mimi ninayezungumza naye niliacha na tazama, nabeba tofali. Niliendelea. Nilikuwa na hotuba ya miaka mingi, ikapata mlango.

Uda akaziba mdomo kwa shuka, mabega yanatikisika. "Mwalimu," akasema kwa Kiswahili, "mama hajasema ulichosema."

"Amesema nini?"

"Amesema mengi."

Ukanigeukia. Hukukasirika, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Ukasema taratibu, "Mama, naomba useme nilichosema tu."

Mbele za watu, Emiliana! Masikio yalipata moto. Lakini nilirudi nikasema maneno yako machache kama ulivyoyasema. Na yule mama, ambaye muda wote wa hotuba yangu alikuwa ameinamia chini, akainua uso. Akazungumza kwa muda mrefu, nami nikatafsiri bila kuongeza chumvi.

Alisema watoto wake wa kiume walikwenda kusini na ng'ombe kutafuta malisho, na hawajui watarudi lini. Ng'ombe waliobaki ni wachache na anayewaona kwa macho mazuri ni Uda peke yake. Kisha akasema, "Lakini mimi sikumwita. Walipompeleka chuo, kaka zake waliamua, mimi sikuulizwa. Aliporudi, aliamua mwenyewe, mimi sikuulizwa. Nilimwona tu anafungua zizi."

Uda akatazama pembeni. Mimi hapo ningesema, "Kumbe ni uvivu wako!" Wewe hukusema. Ulinyamaza, tena kwa muda mrefu mpaka nikawa naona aibu kwa niaba yako. Halafu ukauliza kama kuna ndama mgonjwa. Kulikuwa na mmoja, anaharisha. Uda alituonyesha. Nilimwona akimshika yule ndama, akamwangalia macho, ulimi, akanusa, akatueleza alichokula na siku gani. Alizungumza kama mwenye nyumba. Ukamuuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua, "Sasa huyu dawa ungempa kiasi gani?"

Akaendelea kumpapasa ndama shingoni. Mwisho akasema, "Hapo ndipo nilipokwama, mwalimu."

Likatoka lote. Masomo yote anayaweza, ila lile la kukokotoa dawa kwa uzito wa mnyama, tena limeandikwa Kiingereza, lilimwangusha. Alipewa sapu, yaani mtihani wa kurudia, akaufeli nao. Mwalimu mmoja akasoma alama zake mbele ya wenzake na kusema watu wa kwao wanajua kuhesabu ng'ombe tu. Likizo ilipofika, macho ya mama yake yakawa sababu nzuri ya kubaki. "Na si uongo," alisema. "Macho yake ni mabaya kweli."

"Najua si uongo," ulimjibu. "Yote mawili ni kweli. Asante kwa kuniambia. Hilo la mwalimu niachie mimi, si mzigo wako."

Emiliana, nilikuwa nimesimama nyuma ya zizi, miguu imejaa tope, na nikamwona mtu akifanya kazi. Umewahi kumtazama fundi mzuri akiweka tofali la kona? Hapigi kelele na wala hana haraka. Nilijua pale kwamba mwanangu ana kazi, na anaijua, na mimi nilikuwa naishi naye nyumba moja bila kuiona.

Tukarudi kukaa. Ukawaeleza wote wawili njia zilizopo, nami natafsiri neno kwa neno. Anaweza kuacha, na akiacha anaondoka na alichokipata mwaka wa kwanza, bila aibu. Anaweza kurudi sasa hivi, akasaidiwa lile somo. Au anaweza kuomba mafunzo kwa vitendo yaje kwanza, ayafanye papo hapo Dirma kwa afisa mifugo wa kata, akae karibu na mama yake huku wanatafuta mtu wa kuchunga, ndipo arudi darasani. Ukasema hiyo ya tatu huna uhakika nayo, itabidi uombe, na wanaweza kukataa.

Mama yake Uda akaniambia nikuulize, wewe ungefanya nini?

Ukasema, "Mwambie mimi sina ng'ombe, na macho yangu yanaona. Nikijibu nitakuwa najibu vya mtu mwingine."

Tulipoondoka nilikugombeza njia nzima. Nilisema umemwacha binti wa watu hewani. Nilisema mtu mzima anapaswa kusema, fanya hivi, kwisha. Ukanisikiliza mpaka tukafika pikipiki ilipo, ndipo ukasema, "Mama, nikimchagulia leo, akikwama mbele atanisubiri nimchagulie tena. Na mimi sitakuwepo."

Nilikuwa na hasira ya mtu aliyeshindwa hoja.

Kilichofuata ndicho ambacho watu wa kanisani hawakukiona, nami nataka ujue nilikiona. Siku zikapita na Uda hakuja. Ulikuwa umemwambia achukue muda wake, lakini wewe mwenyewe ulikuwa huna muda, maana jina lake lilikuwa karibu kufutwa. Ulikuwa unaweka simu kando ya sahani. Ulikwenda kwa afisa mifugo mara ya kwanza akakuambia hana nafasi ya mwanafunzi, ukaenda tena. Ulimwendea mkuu wa chuo kuomba nafasi isifutwe, ukarudi na uso umevimba, nikajua umelia mahali. Ulizungumza na yule mwalimu aliyesoma alama, na sijui ulimwambia nini, lakini alikuja kunisalimia sokoni kwa heshima ambayo hakuwa nayo zamani. Nilikuwa nadhani kutomwamulia mtu ni njia rahisi, mshauri anabaki salama. Nikaona kwamba ni ngumu kuliko kuamuru. Anayeamuru analala. Wewe hukulala.

Nami nilikuwa nimeshakata tamaa siku walipotokea. Nilikuwa juu ya jukwaa la ujenzi, nikasikia mtu ananiita kwa Kibarabaig. Nikachungulia, nikamwona mama yake Uda amesimama chini, mkono mmoja begani kwa binti yake. Alikuwa amevaa vizuri, bangili zote. Nikashuka haraka mpaka nikajikwaa kwenye ndoo.

"Nipeleke kwa mwanao," aliniambia. "Nimekuja kuuliza."

Tukaenda chuoni nikiwa na saruji mikononi. Ulitutoa ofisini kwako ukatupeleka moja kwa moja kwa mkuu wa chuo, ukasema, "Mzazi wa Uda ana maswali." Mkuu alitaka kuanza kueleza utaratibu. Yule mama akanyoosha kiganja, akamsimamisha, akaanza. Aliuliza mwanawe atalala wapi na nani. Aliuliza kama akimaliza atakuwa daktari wa ng'ombe wa wazungu au wa ng'ombe wa Dirma. Halafu akauliza lile ambalo mpaka leo silisahau: "Mwanangu akishindwa, mtamwambia yeye kwanza, au mtawaambia wenzake kwanza?"

Nililitafsiri polepole, bila kupunguza. Mkuu wa chuo alitazama meza. Kisha akasema, "Yeye kwanza, mama. Peke yake." Na yule mama akaniambia nimrudishie: basi nimesikia.

Uda akasema mwenyewe, "Nataka ile njia ya tatu." Hakukutazama wewe aliposema. Alimtazama mama yake.

Sitaipamba habari hii kuliko ilivyo, maana unaijua. Mafunzo yalifanyika Dirma. Mama mdogo wake Uda alikubali kuwachanganya ng'ombe wao na wake, na Uda akawa anawatibu wote. Sapu ya somo lile aliifeli tena mara moja zaidi, na nakumbuka ulivyomfuata bwenini ukakaa naye kitandani bila kusema kitu. Ilipokuja nyingine akapita. Kwa macho ya mama yake, jicho moja limepona kiasi baada ya kwenda hospitali, lingine halikupona. Uda yuko mwaka wa mwisho, hajamaliza bado, na wewe unaondoka kabla hajamaliza. Na wapo ambao hukuwapata. Yule kijana wa kozi ya umeme wa majumbani ulimfuata kwao, ukakaa, ukauliza, ukafanya kila ulichofanya kwa Uda, na hakurudi. Uliniuliza umekosea wapi. Nikasema sijui. Mpaka leo sijui, na nadhani hukukosea.

Kuna jambo moja zaidi. Wiki chache baada ya siku ile ya ofisini, tulikuwa tunachambua maharage uani. Ukaniuliza bila kuinua macho, "Mama, siku ile ya mistari uwanjani, kama wangekuuliza, ungesema nini?"

Nilikuwa nimekusimulia kidogo tu, kwa mzaha, habari ya kusimama nyuma ya Magreth. Sikujua kama uliishika. Nikataka kujibu kwa mzaha tena, nikashindwa. Nikasema, "Uashi." Nikalia, mwanangu, na ulidhani ni vumbi la maharage, au ulijifanya unadhani. Nilikuwa nimesubiri swali lile tangu kabla hujazaliwa. Siku ya pili ukanieleza kwamba mafundi wa mtaani hupimwa ujuzi wao na kupewa cheti, bila kurudi darasani kuanza upya. Hukusema nenda. Ulinieleza, ukanywa chai, ukaondoka kwenda kazini. Nilikaa na jambo hilo kama yule mama wa Dirma alivyokaa na lake. Kisha nikaenda. Nilipandisha kona mbele ya wapimaji, nikiupima kila mstari kwa pimamaji. Cheti kimening'inia pale ukutani na unakijua. Usichokijua ni kwamba siku zile za mwanzo nilikuwa nakigusa kila nikipita, hasa ukiwa hupo.

Sasa wanakutaka Mpanda, chuo kikubwa zaidi, wanafunzi wengi zaidi. Juzi ulisema pengine usiende, kwa ajili ya Uda, kwa ajili ya wengine, na ukanitazama ukamaliza, "na kwa ajili yako." Nilinyamaza. Ulidhani nimeumia. Nilikuwa najifunza kunyamaza kwako.

Ila hili la mwisho wacha niliseme kama mama, na unisamehe kama ni hotuba. Kazi uliyoichagua ni ya kuwaandaa watu wakuache. Kila ukiifanya vizuri, mtu anachukua mzigo wake anaondoka, na wewe unabaki na kiti kitupu mbele yako. Nimeitazama kazi hiyo kwa karibu na imenifundisha kitu ambacho nilipaswa kukijua tangu siku uliyoanza kutembea. Nitakumisi, kama mnavyosema vijana. Nyumba itakuwa kubwa. Nitapika chakula kingi kwa mazoea. Lakini nina ukuta wa kumalizia na wateja wawili wanaonisubiri, na mtu mwenye kazi anayoipenda hafi kwa upweke.

Mpanda utakuta watu wa namna nyingine, lugha nyingine, mazao mengine. Utakuwa mgeni, hutajua nani anasalimiwa vipi. Hutakuwa na mama wa kukutafsiria, vibaya au vizuri. Siku za mwanzo utashindwa mambo, na utaona aibu kunipigia kwa sababu hapa kila mtu anakusifu. Nipigie hiyo siku hasa. Sitakuambia cha kufanya. Nitajitahidi. Nitakuuliza kwanza, na ukinyamaza nitasubiri, hata kama salio litakwisha.

Nasikia pikipiki imesimama barabarani, na sauti yako unamwamkia mzee jirani, naye anakuuliza habari za Mbulu na hawezi kukuachia mapema. Unacheka. Naikunja barua hii niitie kwenye mfuko wa pembeni wa begi kabla hujafika mlangoni, kisha nitoke nikupokee. Leo bado ni mimi wa kukupokea.

Mama yako.